Nani Anamhesabia Mgonjwa Hatua?

Nilimnunulia mpwa wangu bangili ya kuhesabu hatua wakati amelazwa Dar es Salaam kwa saratani ya damu. Alikuwa na miaka 15. Mimi nilikuwa nimechoka kwenda wodini kila jioni na machungwa na maneno yale yale. Nilitaka na mimi nifanye kitu kinachoonekana. Nikampa simu yangu ya zamani, nikapakua programu ya mazoezi, nikaiunganisha na simu yangu mpya. Kwa hiyo hata nikiwa kazini niliweza kufungua simu na kuona mtoto katembea hatua ngapi leo.

Wiki ya kwanza namba zilikuwa za kusikitisha: 400, 850, 610. Nikamtumia ujumbe: "Jikaze mama, kesho tupandishe." Wiki ya pili zikaanza kupanda. Jumatano moja zikafika 9,200. Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikairusha kwenye grupu la familia, watu wakamwaga makofi na mioyo. Jioni nikaenda wodini na chipsi kuku kama zawadi.

Dada yangu, mama wa mtoto, alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Binti hakuwa ameshuka kitandani tangu asubuhi. Alikuwa na dripu, na alitapika mara nne. Bangili ilikuwa mguuni mwa mtoto wa kitanda cha jirani, mvulana wa miaka saba kutoka Lindi, ambaye siku hiyo alijisikia vizuri na alikuwa anakimbia korido nzima akijifanya bodaboda.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini amefanya vile. Hakuona aibu, wala hakukasirika. Alisema tu, "Anko, ulikuwa unafurahi."

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu sasa. Mwanzoni nilicheka, nikawasimulia watu kama kichekesho. Baadaye nikaona kwamba kichekesho ni mimi. Mtoto anayeumwa, mwenye sindano mkononi, alikuwa ameona kwamba anko wake ana wasiwasi na kwamba namba kubwa inamtuliza, basi akatafuta namna ya kunipatia namba kubwa. Nilidhani mimi ndiye ninayemhimiza, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiuguza.

Swali ninalotaka kuliuliza hapa ni la kimaadili, si la teknolojia. Tunapomwekea kijana mgonjwa programu ya kumsukuma afanye mazoezi, tunamfanyia yeye au tunajifanyia sisi? Na je, tuna haki ya kumsukuma?

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: mazoezi yenyewe si jambo la anasa. Zamani mgonjwa wa saratani aliambiwa apumzike, basi. Leo madaktari wanasema tofauti. Uchovu wa saratani si uchovu wa kubeba magunia. Ukilala hauishi, na mara nyingi kulala sana kunauzidisha. Mwendo mdogo mdogo unaupunguza. Halafu kuna dawa zenyewe. Vinkristini, ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya damu hupewa, huathiri neva za miguu. Kidole kinakufa ganzi, unyayo unalegea, mtoto anaanza kuburuta mguu. Steroidi hula misuli ya mapaja, mpaka kijana wa miaka 15 anashindwa kuinuka kwenye stuli bila kushika meza. Doksorubisini inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na madhara yake mengine hujitokeza miaka mingi baada ya mtoto kuambiwa amepona. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa mazoezi kwa watoto wenye saratani, na ujumbe wake mkuu ni kwamba kila mtoto anaweza kujongea kwa kiasi chake, hata aliye kitandani. Kwa hiyo anayesema "mwacheni mtoto alale" anasema kwa huruma, lakini huruma hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Wahenga wetu walilijua jambo hili kwa namna yao. Mgonjwa haulizwi uji. Humwulizi kama anautaka. Unaupika, unampelekea, unamlisha. Ugonjwa unaondoa hamu, na ukisubiri hamu irudi yenyewe, mtu atakufa na njaa. Ukiichukua methali hiyo kama ilivyo, mazoezi ni uji wa aina nyingine, na programu ya simu ni mkono unaoleta bakuli. Tatizo liko wapi?

Tatizo la kwanza ni bakuli lenyewe: nani kaamua ukubwa wake? Programu niliyoipakua ilikuja na lengo lake tayari, hatua 10,000 kwa siku. Sikuliuliza. Nilidhani kuna daktari mahali fulani alikaa akapima. Baadaye nikasoma historia yake nikajisikia mjinga. Namba hiyo ilienea kutoka Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua kiitwacho manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake wazee uliona kwamba hata hatua 4,400 kwa siku zilihusiana na vifo vichache kuliko hatua 2,700, na kwamba faida haikuendelea kuongezeka baada ya kama 7,500. Na hao hawakuwa na dripu. Mimi nilichukua jina la bidhaa ya Japani nikaligeuza kipimo cha juhudi za mtoto wa dada yangu aliyekuwa anatapika.

Tatizo la pili ni kwamba simu haioni. Kuna siku mgonjwa kutotembea ni uvivu; tusidanganyane, vijana wote wana uvivu, na saratani haimgeuzi mtu malaika. Lakini kuna siku chembe sahani zimeshuka na akijikwaa tu anaweza kuvuja damu vibaya. Kuna siku damu yenyewe ni pungufu na ngazi nne zinamfanya moyo udunde kama amekimbia. Na hasa kwa vijana wa rika hilo, steroidi zinaweza kufisha sehemu ya mfupa wa nyonga au wa goti; maumivu ya kwanza yanaonekana kama kisingizio cha mtu asiyetaka kutembea. Programu inaona siku hizi zote kwa jina moja: lengo halijafikiwa. Saa mbili usiku inatetema, inatuma arifa, na kidude kidogo chenye uso wa huzuni kinasema umevunja mfululizo wako wa siku sita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na simu haijawahi kulala kitanda chochote.

Hapa mtu anaweza kuniambia: basi tengenezeni programu nzuri zaidi, iwe inajua hali ya damu, iwe na malengo ya chini. Nakubali. Lakini nadhani kuna jambo lililo ndani zaidi, na kulieleza itabidi niende kwenye mchezo mmoja wa kompyuta.

Mwaka 2006 shirika la Marekani liitwalo HopeLab lilitoa mchezo uitwao Re-Mission, uliotengenezwa kwa ajili ya vijana wenye saratani. Mchezaji anaongoza roboti ndogo mno iitwayo Roxxi, ambayo inaingia ndani ya mwili wa mgonjwa na kupiga risasi seli za saratani na bakteria. Mchezo ulijaribiwa kwa wagonjwa 375, wenye umri wa miaka 13 hadi 29, katika vituo 34 vya Marekani, Canada na Australia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliopewa mchezo huo walimeza dawa zao kwa uaminifu zaidi kuliko waliopewa mchezo wa kawaida. Si jambo dogo. Kijana kuacha vidonge kimyakimya ni moja ya njia ambazo saratani ya damu inarudi.

Nimejiuliza kwa nini mchezo ule haunisumbui kama bangili yangu ilivyonisumbua. Nadhani ni kwa sababu ya alipowekwa adui. Kwenye Re-Mission adui ni ugonjwa, na bunduki iko mkononi mwa kijana. Anapigana au anaacha, hakuna anayemtazama kwa mbali kutoka ofisini. Kwenye programu ya hatua, adui ni uvivu wako. Kipimo kimegeuzwa, kinakupima wewe. Kijana ambaye mwili wake umeshampiga chenga mara moja, bila kosa lake, anapewa kila jioni cheti kidogo kwamba na leo pia hakutosha.

Susan Sontag aliandika mwaka 1978, katika kitabu Illness as Metaphor, kuhusu jinsi tunavyoubebesha ugonjwa maana ambazo si zake, mpaka mgonjwa anaonekana kama ameshiriki kujiletea saratani kwa tabia au moyo wake. Mwenyewe alikuwa ametibiwa saratani ya matiti. Akiwa leo angeikuta tabia hiyo imehamia kwenye simu. Hatusemi tena kwamba huzuni ilikuletea uvimbe. Tunasema: shujaa, pambana, usikate tamaa, umebakiza hatua 3,140. Maneno matamu kabisa. Lakini yana upande wa pili ambao mtoto mwerevu anauona haraka: kama wanaopona ni wale waliopambana, basi asiyepona alifanya nini?

Watu wakitaka kunipinga hunitajia Terry Fox. Ni mfano mzuri, kwa hiyo niujibu. Kijana huyu wa Canada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa saratani ya mfupa. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake na mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku, ili kuchangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoonekana mapafuni ikabidi asimame. Alifariki Juni 1981, hajafikisha miaka 23. Namheshimu kama wengine wote. Ila tazama jambo moja: safari ile aliitunga mwenyewe. Nchi nzima ilikuja kumshangilia baadaye, lakini hakukuwa na mtu aliyempangia umbali. Ukichukua mbio zake ukazigeuza kuwa lengo la kila mtoto aliyelazwa, unakuwa umeondoa kitu kilichozifanya ziwe zake.

Sasa turudi kwenye uji. Methali inasema mgonjwa haulizwi, na mimi nimekuwa nikiisoma hivyo maisha yangu yote. Lakini hebu tuangalie uji unavyoletwa kweli. Mama anaupika mwepesi kwa sababu ameona jana mzito ulitapikwa. Anaonja kama umepoa. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anashika kijiko, anasubiri. Mgonjwa akigeuza uso, anatua bakuli, anapiga stori kidogo, anajaribu tena. Hamuulizi kwa mdomo, lakini anamuuliza kwa kila kijiko. Kinachoifanya methali isiwe ukatili ni kwamba anayelisha yupo pale, anaona, na yeye mwenyewe anapata tabu. Ukiondoa mtu huyo ukabakiza bakuli na kengele, haubaki uji wa mgonjwa tena.

Halafu huyu wetu si mtoto mchanga. Miaka 15 ni umri mgumu kuumwa. Rika lake wanaanza kuamua mambo yao: nywele, marafiki, muda wa kulala. Yeye nywele zimeamuliwa na dawa, marafiki wako shuleni, muda wa kulala unapangwa na nesi. Karibu kila kitu kwenye mwili wake kina mtu mwingine anayekipima: joto, mkojo, uzito, damu. Mimi nikaja na kipimo kimoja zaidi nikakiita zawadi. Sikumwuliza kama anataka nione namba zake. Hata haikunijia akilini kwamba ni zake.

Nimeshaulizwa pia kama haya si mazungumzo ya matajiri. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Kwa nini tujadili bangili wakati kuna mzazi anauza shamba apate nauli ya kuja hospitali? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba simu zimeshafika wodini kabla ya mjadala. Kila mtoto wa rika hilo anayo au anaazima ya mama yake, na programu za mazoezi ni za bure, zinakula bando tu. Na wanaopona, ambao tunaomba wawe wengi zaidi, watabeba miguu hii na mioyo hii miaka hamsini. Anayebaki hai anahitaji mtu afikirie namna ataishi.

Basi tufanye nini? Sitaki kuishia kulaumu simu. Lawama hiyo ni rahisi, na si kweli. Seattle, Marekani, watafiti walichapisha mwaka 2017 jaribio dogo kwa vijana wa miaka 14 hadi 18 waliokuwa wamepona saratani, wapatao sitini. Nusu yao walivaa bangili za Fitbit kwa wiki kumi na kuwekwa kwenye kundi la Facebook la wenzao. Vijana walilipokea vizuri. Walivaa bangili siku nyingi. Dakika za mazoezi lakini hazikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika na za wale ambao hawakupewa. Kilichoonekana kusogea kidogo ni mambo ya ndani, kama ari ya kufanya mazoezi. Nililiona hilo nikapata faraja fulani. Watafiti wale walihisi kitu ambacho mimi sikukihisi: kwamba kifaa peke yake hakitoshi, lazima pawe na wenzako.

Kiswahili chetu kinaweka tofauti hii kwa wepesi. Kuna "nenda," na kuna "twende." Programu ya simu inajua kusema nenda, kwa rangi zote na kwa milio yote. Haiwezi kusema twende, kwa sababu yenyewe haiendi popote. Mtu anayesema twende anakubali mwendo wa yule aliye naye. Mgonjwa akisimama kupumua, na yeye anasimama. Akisema turudi, wanarudi wote. Hakuna anayebaki nyuma na namba.

Na ukifikiria, hata salamu yetu ya mgonjwa iko upande huo. Siku hizi mitandaoni watu huandika "pona haraka." Bibi zetu walisema "ugua pole." Hawakumwambia aharakishe. Walimwombea upole katikati ya ugonjwa wenyewe, kwa muda wowote utakaochukua. Kijana mwenye saratani ya damu anatibiwa miaka miwili, pengine mitatu. Hapo haraka haimsaidii mtu.

Kwa hiyo, nikiulizwa leo na mzazi au na mtaalamu anayetengeneza programu hizi, nina mambo matatu tu. Lengo aliweke kijana mwenyewe pamoja na mtu wa fiziotherapia anayemjua, na awe na uwezo wa kulishusha bila kuomba ruhusa. Siku ya sifuri iandikwe kama siku ya kupumzika, isiwe siku iliyovunjika. Na namba zake asizione mtu mwingine mpaka yeye aseme. Hilo la tatu ndilo najua litapingwa na watu wanaopenda, kama mimi. Sisi ndio tunaotaka kuona.

Jumatano ile usiku niliondoa muunganisho kwenye simu yangu, mbele yake, nikamwonyesha. Akauliza, "Sasa utajuaje?" Nikamwambia nitakuja. Sikuja kila siku, nisijisifu. Kuna siku foleni ilinishinda na kuna siku nilichoka tu. Lakini nilipokuja tulikuwa tunatoka hadi kwenye mwembe ulio karibu na geti, ninamshikia stendi ya dripu, tunakaa, tunarudi. Siku nyingine hatukufika, tuliishia kwenye benchi la maabara. Mama wa yule mvulana wa Lindi alikuwa anatuachia na yeye tumchukue, anatangulia mbele akipiga honi.

Mvulana aliruhusiwa kwenda kwao. Mpwa wangu sasa anameza vidonge nyumbani na amerudi shule, kidato kimoja nyuma ya wenzake. Bangili bado anayo. Juzi nilimwona ameivaa nikajizuia kuuliza. Akaniona nikijizuia, akacheka, akafunika kioo chake kwa kiganja.